Vumbi Linalotangulia Mvua: Mwongozo kwa Watumiaji wa Huduma wa Ndanda, Masasi na Newala



Mwishoni mwa kiangazi, kati ya Oktoba na Desemba, wakazi wa Ndanda, Masasi na Newala huitazama mbingu kwa macho mawili. Jicho moja huisubiri mvua. Jingine huzilinda korosho zilizoanikwa uani. Asubuhi jua huwa kali. Ifikapo alasiri, wingu jeusi hujikusanya na ngurumo husikika kwa mbali. Kisha, kabla tone la kwanza la mvua halijaanguka, joto hukatika ghafla, upepo huvuma kutoka upande wa wingu, na vumbi jekundu huinuka mbele yake mfano wa ukuta. Hapo ndipo wengi hutoka mbio kwenda kuokoa korosho, nguo zilizo kambani na watoto wanaocheza nje.

Dakika hizo chache, ambazo tumezoea kuziita mwanzo wa mvua, mara nyingi ndizo zenye hatari kubwa kuliko mvua yenyewe. Ndizo dakika ambamo bati hung'oka, tawi huangukia waya wa umeme na ukuta usio imara huanguka. Makala hii inaeleza upepo huo unatoka wapi, kwa nini unaweza kuwa mkali katika maeneo yetu, na mtumiaji afanye nini kabla haujafika, unapofika na baada ya kupita.

Upepo huu unatokana na nini?

Wingu la ngurumo ni kubwa kuliko linavyoonekana kutoka chini. Katika nchi za joto kama yetu, kilele chake kinaweza kufika zaidi ya kilometa 15 juu ya ardhi. Wingu hilo hukua kwa kuvuta hewa yenye joto na unyevu kutoka chini. Hewa hiyo hupanda, hupoa, na mvuke wake hugeuka kuwa matone ya maji na chembe za barafu. Matone yanapokuwa mazito kiasi cha kutoweza kubebwa tena, huanza kuanguka, nayo huiburuta hewa pamoja nayo.

Mwishoni mwa kiangazi hewa iliyo chini ya wingu huwa kavu. Matone yanayoipitia hupungua kwa kugeuka mvuke. Mengine huisha kabisa kabla ya kugusa ardhi. Ndiyo maana pengine huonekana mapazia ya mvua yakining'inia chini ya wingu bila kufika chini. Maji yanapogeuka mvuke huchukua joto. Kila aliyewahi kunywa maji ya mtungi analijua jambo hili: mtungi hutoa jasho, jasho hukauka, na maji yaliyomo hupoa. Vivyo hivyo, hewa iliyo chini ya wingu hupoa, na kwa kuwa hewa baridi ni nzito kuliko hewa ya joto, huporomoka kwa kasi.

Mwaga ndoo ya maji juu ya sakafu ya saruji uone. Maji hayabaki mahali pamoja. Hutawanyika kila upande, na ukingo wake wa mbele husukuma taka zote zilizo njiani. Hewa baridi inayoporomoka kutoka wingu la ngurumo hufanya hivyo hivyo. Ikigonga ardhi hutawanyika, na ukingo wake wa mbele ndio ule upepo wa ghafla. Ukikuta ardhi kavu isiyo na majani, hunyanyua vumbi na kulisukuma mbele. Ukuta wa vumbi tunaouona ni ukingo wa hewa hiyo baridi uliopakwa rangi ya udongo.

Ukingo huo unaweza kulitangulia wingu kwa kilometa kadhaa. Kwa hiyo mtu anaweza kupigwa na upepo mkali ilhali juu ya kichwa chake jua bado linawaka.

Jangwani na kwetu

Nchini Sudan, ambako ardhi ni kame na mchanga ni mwingi, dhoruba ya namna hii inajulikana sana. Wenyeji huiita habubu, neno la Kiarabu lenye asili ya kuvuma. Huko Khartoum ukuta wa vumbi unaweza kupanda zaidi ya meta 1,000 na kuugeuza mchana kuwa usiku. Katika jimbo la Arizona, Marekani, tarehe 5 Julai 2011, ukuta wa namna hiyo wenye kimo cha takriban meta 1,500 uliufunika mji wa Phoenix. Kaskazini mwa India, usiku wa tarehe 2 Mei 2018, dhoruba za vumbi na ngurumo ziliua watu zaidi ya 100. Wengi wao waliangukiwa na kuta na mapaa ya nyumba walimokuwa wamelala.

Ndanda si jangwa, na vumbi lake haliwezi kulinganishwa na la Khartoum. Hata hivyo upepo unaolinyanyua ni wa aina moja, nao hauhitaji jangwa ili kuezua nyumba. Katika maeneo yetu kuna mambo matatu yanayofaa kuzingatiwa.

Kwanza, kusini mwa nchi hupata msimu mmoja wa mvua, takriban kuanzia Novemba hadi Aprili. Kabla ya hapo ardhi huwa imekaa miezi mingi bila maji. Pili, huo ndio wakati mashamba husafishwa. Chini ya mikorosho hupaliliwa ili korosho zinazoanguka zionekane, na mashamba ya mazao mengine huandaliwa kwa kilimo. Udongo hubaki wazi. Tatu, ni sura ya nchi. Uwanda wa Makonde umeinuka juu ya maeneo yanayouzunguka. Ndanda iko chini ya ukingo wake, na Newala iko juu, kwenye ukingo unaoelekea bonde la Ruvuma, karibu na genge maarufu la Shimo la Mungu. Nyumba iliyo ukingoni au kwenye uwazi usio na miti hupigwa na upepo moja kwa moja.

Upepo huu si kimbunga

Watu wa pwani ya kusini wanakijua kimbunga. Tarehe 15 Aprili 1952 kimbunga kilipiga eneo la Lindi. Aprili 2019 wakazi wa Mtwara walitahadharishwa kuhusu Kimbunga Kenneth, ambacho hatimaye kiliingia nchi kavu kaskazini mwa Msumbiji tarehe 25. Kimbunga huzaliwa baharini, hufuatiliwa kwa siku kadhaa, na hupewa jina.

Upepo wa wingu la ngurumo hauna jina. Wingu moja linaweza kukua, kupiga na kufifia ndani ya saa moja, na likaharibu kijiji kimoja huku kijiji jirani hakijui lililotokea. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa viwango vitatu vya taarifa za hali mbaya ya hewa: angalizo kwa rangi ya njano, tahadhari kwa rangi ya chungwa, na tahadhari kubwa kwa rangi nyekundu. Taarifa hizo husaidia kujua kwamba mkoa wa Mtwara au Lindi uko katika siku za hatari. Haziwezi kukuambia kwamba saa tisa na robo upepo utafika uani kwako. Hapo tahadhari ya mwisho ni macho na masikio yako.

Ukuta wa vumbi ndiyo tahadhari hiyo. Upepo wa kilometa 60 kwa saa hupita kilometa moja kila dakika. Vumbi linaloonekana umbali wa kilometa tano litafika baada ya dakika tano, na upepo ukiwa mkali zaidi litafika mapema zaidi. Radi nayo hupimika. Ukiona mwanga, hesabu sekunde hadi usikie ngurumo. Kila sekunde tatu ni takriban kilometa moja. Ikiwa ni chini ya sekunde 30, radi iko ndani ya kilometa 10, na unapaswa kuwa ndani ya jengo imara.

Kazi ya kufanya kabla ya msimu

Dakika tano hazitoshi kutengeneza paa. Kinga kubwa hufanyika Agosti na Septemba, wakati mafundi bado wanapatikana.

Unaponunua bati, angalia geji yake na alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Kumbuka kwamba namba ya geji ikiwa kubwa, bati ni jembamba: bati la geji 30 ni jembamba kuliko la geji 28. Dai risiti na uihifadhi, kwani bila risiti ni vigumu kuthibitisha kwamba uliuziwa bidhaa isiyo na kiwango ulichoelezwa.

Hata hivyo bati zuri lililofungwa vibaya litaruka. Mwombe fundi apigilie misumari ya bati juu ya mgongo wa bati, na aisogeze karibu zaidi kwenye kingo za paa, kwa sababu huko ndiko upepo huanza kunyanyua. Papi zifungwe vizuri kwenye kenchi, na kenchi zifungwe ukutani kwa waya au nondo zilizojengewa ndani ya ukuta. Mawe na matairi yanayowekwa juu ya bati si kinga. Paa likinyanyuka, hayo ndiyo yatakayoanguka juu ya watu.

Kagua miti iliyo karibu na nyumba. Tawi kavu la mwembe au mkorosho linaloelekea paani likatwe mapema. Lakini tawi linalogusa au kukaribia waya wa umeme usilikate mwenyewe. Toa taarifa TANESCO na uandike tarehe uliyotoa taarifa pamoja na namba uliyopewa. Vivyo hivyo kwa nguzo iliyooza au kuinama na waya ulioshuka. Umuhimu wa kumbukumbu hiyo tutaueleza baadaye.

Tangi la maji tupu ni jepesi na upepo hulibeba; lifunge, au lisiachwe bila maji. Paneli za sola zikazwe. Aidha, ukumbuke kwamba sehemu kubwa ya maji ya bomba juu ya Uwanda wa Makonde husukumwa kwa mitambo kutoka vyanzo vilivyo chini, kikiwamo cha Mitema. Umeme ukikatika, maji nayo huenda yakasimama. Katika miezi hii kila kaya iwe na madumu ya akiba yaliyojaa na kufunikwa.

Ukuta wa vumbi unapoonekana

Waite watu waingie ndani. Korosho ziachwe ikiwa upepo umekwisha kufika. Tunalisema hili tukijua uzito wake: korosho zilizolowa zinaweza kushushwa daraja ghalani, na mauzo hayo ndiyo ada ya shule na chakula cha mwaka. Kwa sababu hiyo hiyo tunashauri kwamba siku yenye wingu linalojenga tangu adhuhuri, korosho zianuliwe ngurumo ya kwanza inaposikika, vumbi likiwa halijaonekana. Anayeanua mapema hupoteza saa mbili za jua. Anayesubiri vumbi hujiweka chini ya bati linaloruka na radi inayopiga.

Funga milango na madirisha. Upepo ukiingia ndani ya nyumba hulisukuma paa kutoka chini, huku ule wa nje ukilivuta kutoka juu. Kaa mbali na madirisha na kuta zenye nyufa. Chomoa friji, televisheni na chaja za simu kabla upepo haujafika. Nyaya zikigongana au tawi likiangukia laini, umeme unaweza kupanda na kushuka ghafla na kuunguza vifaa. Friji gadi husaidia dhidi ya mabadiliko ya kawaida ya umeme. Radi ikipiga karibu, kinga ya uhakika ni kuchomoa. Zima moto wa jikoni, hasa ikiwa jiko liko kwenye banda la makuti au nyasi.

Aliye shambani asijikinge chini ya mti uliosimama peke yake, wala chini ya nguzo. Aliye barabarani, awe dereva wa gari au wa bodaboda, atoke kabisa nje ya barabara mara vumbi linapoanza kuziba macho, asimame mbali na miti na nyaya, na asubiri. Wadhibiti wa usalama barabarani wa Arizona huwashauri madereva wakishaegesha nje ya barabara wazime taa, kwa kuwa anayekuja nyuma ndani ya vumbi huzifuata taa za mbele yake akidhani gari linatembea.

Mwenye pumu awe na dawa yake karibu, na afunike pua na mdomo kwa kitambaa chenye unyevu. Vumbi likiingia machoni lioshwe kwa maji safi, wala macho yasifikichwe.

Baada ya upepo kupita

Subiri dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho kabla ya kurudi kwenye kazi za nje. Kisha tazama kwanza chini, ndipo utazame paa. Waya ulioanguka uhesabiwe kuwa una umeme, hata kama mtaa mzima uko gizani. Watu wakae mbali nao kwa meta 10 au zaidi, na mtu mmoja azuie watoto na mifugo huku mwingine akipiga simu TANESCO. Kama kuna moto au mtu aliyefukiwa, piga 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Usimwite kishoka akurudishie umeme. Anaweza kuufikisha nyumbani kwako, lakini pia anaweza kuufikisha kwenye bati lako au kwenye kitasa cha mlango. Mwenye jenereta asiiunganishe na nyaya za nyumba bila swichi ya kubadilishia iliyofungwa na fundi mwenye leseni. Umeme wa jenereta unaweza kurudi kwenye laini na kumuua fundi aliye juu ya nguzo.

Wanaovuna maji ya mvua wasiyaingize tangini maji ya kwanza ya msimu. Maji hayo huosha vumbi, majani na vinyesi vya ndege vilivyokusanyika paani kiangazi chote. Geuza mfereji, acha mvua ioshe paa, kisha uurudishe. Hata maji yanayofuata yachemshwe au yatiwe dawa kabla ya kunywewa.

Kifaa kikiungua, nani alipe?

Swali hili huulizwa mara kwa mara, na jibu la haki halina upande. Upepo wenyewe si kosa la mtoa huduma, na si kila friji iliyoungua wakati wa dhoruba italipwa fidia. Lakini dhoruba nayo si kisingizio cha kila jambo. Nguzo iliyoanguka kwa sababu ya upepo ni jambo moja. Nguzo iliyoripotiwa kuwa imeoza, ikaachwa, kisha ikaanguka, ni jambo jingine. Tofauti kati ya mambo hayo mawili huonekana kwa ushahidi. Ndiyo maana tulikuomba uandike tarehe na namba ya taarifa yako.

Baada ya madhara, piga picha kabla ya kuondoa chochote. Andika siku, saa na kilichotokea, pamoja na majina ya majirani walioathirika. Hifadhi kifaa kilichoungua, risiti yake, na maelezo ya fundi aliyekikagua. Kisha peleka malalamiko yako kwa maandishi katika ofisi ya mtoa huduma, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Usiporidhika na majibu, au usipojibiwa, leta malalamiko hayo EWURA. Sisi huzisikiliza pande zote mbili, na hutafuta kwanza suluhu kabla ya kutoa uamuzi. Asiyeridhika na uamuzi anaweza kukata rufaa katika Baraza la Ushindani. Asiyejua pa kuanzia anaweza kusaidiwa na Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma, EWURA CCC.

Kwa paa na ukuta, kimbilio ni bima kwa aliyeikata. Usitosheke na jina la bima. Uliza, na usome katika mkataba, kama uharibifu wa dhoruba na upepo umetajwa. Bima ya moto peke yake huenda isiugharimie upepo.

Neno la kuhitimisha

Mvua ya kwanza ni neema, na hatuandiki haya ili watu waiogope. Tunachoomba ni kwamba vumbi linaloitangulia lisomwe kama barua: limetumwa na wingu, nalo linatoa taarifa ya dakika tano. Aliyekaza bati lake mwezi Septemba, akaripoti nguzo mbovu na kuweka kumbukumbu, akaanua korosho zake ngurumo ya kwanza iliposikika, dakika hizo tano zitamtosha kufunga dirisha, kuchomoa friji na kuhesabu watoto wake ndani ya nyumba.